Kiwiko cha Mama Dobi

Asubuhi katika ua wa jirani yangu ilikuwa na sauti zake. Maji yakimiminwa kwenye karai, brashi ikisugua kola, kisha shuka likikamuliwa na maji kuchuruzika juu ya saruji. Katikati ya sauti hizo alikuwapo mwanamke tuliyemwita Mama Dobi, akiimba polepole kama mtu anayejibembeleza mwenyewe. Jua likifika juu ya paa, kamba zote zimeshajaa mashuka meupe ya nyumba ya wageni iliyo pale kona, na mpita njia angedhani kuna harusi.

Mumewe tulimwita Mzee Redio kwa sababu hazimwi. Yeye hukaa mlangoni akichambua habari za dunia. Mtoto wao wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliamka saa aliyotaka na kukuta shati limepigwa pasi. Dada yake ndiye aliyempa jina la Bosi, kwa kumsuta, naye akalipokea kama cheo. Huyo dada, Kitinda, mtoto wa mwisho, alikuwa akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi na kurudi jioni.

Ilikuwa nyumba yenye amani. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nyumba nyingi, ndugu zangu, zina amani ya namna hii: mmoja anachoka, wengine wanapumzika, na kwa kuwa aliyechoka hasemi, hakuna ugomvi.

Siku moja wimbo ulikatika, nikasikia birika likianguka. Ukuta kati yetu ni mfupi. Nilichungulia nikamwona Mama Dobi amesimama katikati ya chai iliyomwagika, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake.

"Mama, birika nalo limekukosea nini?" Bosi akauliza, akicheka.

"Mkono umekataa."

"Mkono haukatai," Mzee Redio akasema bila kugeuka. "Anayekataa ni mwenye mkono."

Wa ndani wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Baadaye, tukianika nguo kila mtu upande wake, alinieleza taratibu. Maumivu yalianzia upande wa nje wa kiwiko, penye kile kifupa kinachojitokeza, yakateremka hadi mgongo wa kiganja. Kufungua mfuniko wa chupa kulimshinda. Kuzungusha ufunguo, vivyo hivyo. Mtu akimsalimia kwa kumpa mkono, machozi yanamlenga.

"Umewaambia hao wa ndani?" nikauliza.

"Nimewaambia. Wanasema nipake mafuta."

Mtaa wetu una mkandaji anayeitwa Koleo. Jina lamtosha: vidole vyake vikikukamata, huchomoki. Na mtaa wetu una imani ambayo sijui aliyeianzisha, kwamba asiyelia hajakandwa. Watu huketi nje ya chumba cha Koleo wakisikiliza. Mgonjwa akipiga ukelele, walio nje hutikisa vichwa kwa kuridhika na kusema, "Leo kafanya kazi." Mgonjwa akitoka kimya, humwonea huruma kwamba katapeliwa. Kwetu sisi dawa hupimwa kwa kilio.

Mzee Redio akampeleka mkewe huko. Koleo hakumuuliza anafanya kazi gani wala maumivu yalianza lini. Alikamata kiwiko, akakibinya kwa dole gumba, akakipinda na kukinyoosha. Mama Dobi akalia. Nje, Mzee Redio akawaambia wenzake, "Dawa ya moto ni moto." Kesho yake mkono umevimba, na blanketi za nyumba ya wageni zinasubiri kwenye karai. Akazifua. Akazikamua. Wiki iliyofuata akarudishwa kwa Koleo, akalia tena.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nilitaka kwanza nione. Niliona mwanamke anayefua kwa meno yaliyoumana.

Aliyesema imetosha ni Kitinda. Aliomba ruhusa dukani, akaja kunigongea, tukampeleka mama yake kituo cha afya, kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Tulikuta dada mmoja mpole, chumba kidogo, kitanda kimoja na meza. Aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Unafanya kazi gani? Nguo za aina gani? Unakamuaje, nionyeshe. Mama Dobi akachukua taulo na kuonyesha, uso ukakunjamana.

"Basi, iache," yule dada akasema. "Nimeshaona. Hapa kwenye kifupa panashika kano za misuli inayoinua kiganja. Kila ukikamata kitu kwa nguvu na kukisokota, kano hizo zinavutwa. Zako zimechoka kwa kuvutwa. Wataalamu hukiita kiwiko cha mchezaji wa tenisi, lakini wanaokipata wengi hawajawahi kuushika huo mpira."

Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Alimlaza Mama Dobi chali, akampa kitambaa kilichoviringishwa. Kwa mkono mmoja akautuliza mkono wa juu, kwa mwingine akausukuma mkono wa chini kidogo kuelekea nje, pale pale chini ya kiwiko. Msukumo wenyewe ulikuwa mdogo, kama unavyosogeza droo iliyokwama bila kutaka kumwaga vilivyomo.

"Nikiwa nimeshika hivi, bana kitambaa. Kiwiko kikiuma niambie niache."

Mama Dobi akabana. Akaangalia dari. Akabana tena, kwa nguvu zaidi.

"Hakiumi," akasema. Halafu akatutazama sisi, karibu kwa woga: "Mbona hakiumi?"

Yule dada alirudia mara kadhaa, akasugua zile kano kwa ncha ya kidole, akiuliza kila mara kama inavumilika. Mwisho akamkalisha mezani, kiganja kikining'inia ukingoni, kimeshika chupa ndogo ya maji, akamfundisha kukiteremsha polepole, polepole sana, na kukiinua kwa msaada wa mkono wa pili. Hilo lifanywe nyumbani kila siku.

"Sasa nisikilize, mama," akasema. "Mikono yangu inakupa nafuu ya muda tu. Kitakachokuponya ni mazoezi haya, na kuzipa kano nafasi. Kwa wiki kadhaa, hadi nitakapokwambia, usikamue. Nguo fua nyepesi, lakini kukamua wakamue wengine. Nyumbani mko wangapi?"

"Wanne."

"Mikono minane," yule dada akasema. "Mkono mmoja ukipumzika, nguo hazitakosa wa kuzikamua."

Ndugu msomaji, weka kidole hapa. Hapa ndipo mkono wa mwanamke huyu ungepona.

Jioni ile Kitinda alieleza yote mbele ya baba na kaka yake. Mzee Redio alicheka hadi akakohoa.

"Tenisi! Mke wangu kacheza tenisi na nani? Na mashuka?"

"Baba, sikiliza. Asikamue. Tukamue sisi."

Kicheko kikaisha. Mzee Redio akamgeukia binti yake.

"Alilia?" akauliza.

"Hakulia."

"Basi kapapaswa. Na huyo mtaalamu ni wa namna gani, anagawa kazi badala ya kugawa dawa?"

Kaeni mlitafakari swali hilo, maana ndani yake ndimo ugonjwa wa nyumba ile ulimokuwa. Koleo alimuumiza mgonjwa na kuwaacha wengine wakae kama walivyokaa. Yule dada hakumuumiza mgonjwa, ila alitaka wengine wainuke. Walipochagua baina ya tiba mbili, walichagua ile ambayo maumivu yake yanabebwa na mtu mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwa muda Kitinda alikamua peke yake. Alirudi kutoka kazini amechoka, akaingia uani na nguo zake za dukani, akasokota mashuka. Mama Dobi alikaa mezani na chupa yake ya maji, akiteremsha, akipandisha, akarudi kwa yule dada mara kwa mara. Siku moja alinijazia kikombe cha chai kwa mkono wa kulia na kunipitishia juu ya ukuta, bila kutetemeka. Tulitazamana tukacheka kama wasichana.

Kisha dukani wakamhamishia Kitinda tawi la mji mwingine. Siku ya kuondoka alimshika kaka yake bega.

"Kaka, nakuachia mama. Blanketi zikija, kamua wewe."

"Nimesikia, bwana. Kwani mimi sina mikono?"

Blanketi zilikuja. Bosi alizitazama.

"Nitakamua jua likipungua," akasema. Jua likapungua. "Mama, hivi kweli mimi nisimame uani nikikamua mashuka ya watu? Wapita njia watanionaje?"

"Watakuona unakamua," nikamjibu kutoka upande wangu wa ukuta. Alijifanya hakusikia.

Nyumba ya wageni ilitaka blanketi zake. Mama Dobi akainuka. Nilimwambia asubiri, nafunga mlango naja. Nilipofika alikuwa ameshamaliza ya pili, na uso wake una rangi ya majivu.

Maumivu yalirudi. Mzee Redio, badala ya kuuliza nani aliyekamua, akatangaza, "Si mnaona? Nilisema kupapaswa hakuponyeshi." Akatuma Koleo aitwe nyumbani.

Nilikuwapo. Nilisema mbele yao wote, "Shemeji, kano zimechoka, hazihitaji kuvutwa." Mzee Redio akanijibu kwamba jirani mwema hujua ukuta ulipo. Nikamgeukia Mama Dobi. Alinong'ona, "Acha tu, jirani. Nimechoka kubishana."

"Kuna kitu kimenasa humu," Koleo akasema, akipapasa. "Nitakichomoa leo. Wewe kijana, mkamate mama yako mabega."

Na Bosi, aliyekosa nguvu za kukamua blanketi, alipata nguvu za kumshikilia mama yake.

Koleo akakunja kiwiko, akausokota mkono, akauvuta kwa ghafla. Kitu kilikatika ndani, tukasikia. Mama Dobi alipiga kelele ambayo sitaieleza.

"Hapo sasa!" Mzee Redio akasema. "Kimetoka."

Ndiyo. Kilitoka. Hospitali kubwa walituambia kwamba kano iliyokwisha kuchoka iling'oka kutoka kwenye mfupa, pamoja na sehemu ya nyuzi zinazofunga kiungo. Alipasuliwa, akashonwa. Daktari alimwambia Mama Dobi kwa upole kwamba ataweza kushika kijiko, ataweza kujifunga nguo, Mungu akipenda ataweza kuandika. Kukamua, hapana. Wala si kwa wiki kadhaa, daima.

Koleo alipoulizwa alisema mkono ule ulikuwa mbovu tangu zamani, na hadi leo watu huketi nje ya chumba chake wakisikiliza. Nimejaribu kumtetea moyoni: pengine hakuna aliyewahi kumfundisha. Lakini mtu asiyefundishwa anaweza angalau kuuliza. Na mwenye kusikia mfupa wa mtu ukilia chini ya vidole vyake, akaendelea, huyo tatizo lake si elimu.

Mama Dobi alirudi kwa yule dada wa kituo cha afya. Hakukaripiwa. Dada alikishika kiwiko kile kama mtu anayepokea kitoto, akaanza upya, kukunja kidogo, kunyoosha kidogo. Ila alimgeukia Bosi aliyekuwa amemsindikiza mama yake.

"Kaka, tangu lini umeanza kukamua nguo?"

"Tangu mama apasuliwe."

"Ilikuwa vigumu kujifunza?"

"Hapana," akasema Bosi.

Maana sasa wanakamua. Nendeni mkawaone. Mashuka ya nyumba ya wageni hayakukoma kuja, na njaa haikubali hoja ya wapita njia. Mzee Redio anashika ncha moja ya blanketi, Bosi ncha ya pili, wanasokota kila mmoja upande wake, na maji yanatoka vizuri kabisa. Wanaweza! Siku zote waliweza! Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata kosa la Koleo. Kazi waliyokataa kuifanya kwa wiki chache, sasa wanaifanya maisha yao yote, na mkono uliokuwa uokolewe kwa kazi hiyo haupo tena.

Juzi Bosi alisimama katikati ya kukamua, akajisugua kiwiko. Mama yake alikuwa kwenye ngazi ya mlango, akichambua vifungo kwa mkono wa kushoto.

"Mama," akasema, "kazi hii inakata mikono. Ulikuwa ukivumiliaje?"

Mama Dobi hakuinua macho.

"Nilikuwa nawaambia."

FUNZO

Wapendwa, mtu wa nyumbani mwako akisema mkono unauma, hilo ni neno zima, limekamilika. Halihitaji kilio ili liaminiwe. Tiba haipimwi kwa ukelele wa mgonjwa. Anayekugusa ili akutibu, akuulize kwanza unafanya kazi gani, na ukimwambia acha, aache. Asiyeuliza na asiyeacha, ondoka mikononi mwake hata kama mtaa mzima unamsifu.

Na wenye kuketi wakihudumiwa, nawaambia bila kuficha: kumpumzisha mgonjwa ni sehemu ya dawa, na sehemu hiyo haiuzwi popote. Mnaitoa ninyi kwa mikono yenu. Mkimpeleka mtu kwa mtaalamu, kisha mkamrudisha kwenye karai lile lile, hamkumpeleka kutibiwa, mmempeleka kutembea. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, muulize anayekufulia: mkono wako ukoje? Kisha, akikujibu, inuka.