Kulipa Ili Usinyolewe

Kila Jumamosi Nyangwine alitoka kwake Kemambo akaenda Nyangoto kunyoa ndevu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye ng'ombe kumi na moja, shamba la mahindi na uso laini kama yai. Kinyozi wake alikuwa Waitara.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja alikaa kitini, akainua shingo. Waitara hakushika wembe. Alishika kopo la maziwa ya unga, lenye tundu juu.

"Mwezi huu masharubu ya mtu siyagusi," Waitara alisema. "Hela ya kunyoa unatia humu, halafu unarudi na masharubu yako nyumbani."

"Nikulipe ili usininyoe? Waitara, umelogwa?"

"Shikamoo mzee," sauti ya mwanamke ilisema kutoka kwenye benchi. "Aliyemloga ni mimi."

Alikuwa nesi Kokushubira wa zahanati, mwenyeji wa Bukoba. Watu walicheka. Nesi akaeleza.

"Wanaume wenye miaka hamsini na zaidi wanatakiwa kupima tezi dume. Hapa hawaendi. Wengine hawana nauli ya kufika hospitali kule Tarime. Wengi wanaona aibu hata kuitaja. Sasa wewe mzee, kila mtu anakujua kwa uso wako laini. Ukiota masharubu watakuuliza kulikoni. Ukiwaeleza, mazungumzo yameanza. Na hili kopo litawapeleka wasio na nauli."

Nyangwine alipenda kuulizwa mambo. Alitia hela yake, akaondoka.

Baada ya wiki mbili masharubu yalikuwa yameshika, meupe upande mmoja kuliko mwingine. Alieleza habari za tezi dume mnadani. Alieleza kwenye josho la ng'ombe. Mtu akibisha, alimfuata mpaka njiani. Kopo la Waitara likawa zito.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Nyangwine hakumwambia mtu. Tangu mavuno, mkojo wake ulikuwa unatoka kwa shida. Alisimama chooni muda mrefu, ukatoka kidogo kidogo. Akishafunga suruali tu, unamwita tena.

Na jambo hilo lilikuwa limemfungia njia ya Mugumu. Binti yake Mokami aliolewa huko, na mwezi wa sita alijifungua mtoto wa kiume. Huyo ndiye mjukuu wa kwanza wa Nyangwine. Wakwe walimwita mara tatu. Kwa Wakurya, kukaa mbele ya wakwe ni kukaa kwa heshima. Unaketi, unakula, unazungumza taratibu. Huwezi kuinuka kila mara kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa hiyo Nyangwine alisema ng'ombe anaumwa. Mara ya pili alisema mvua. Mara ya tatu hakusema kitu.

"Baba Mokami," mkewe Boke alimwambia asubuhi moja, "mwanao amepiga simu analia. Anasema, kama baba hampendi mume wangu, aseme tu."

"Nani kasema simpendi?"

"Mjukuu wako ameota meno mawili hujamwona. Mokami aelewe nini?"

Nyangwine alichukua fimbo yake, akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Siku ya mwisho ya mwezi wanaume walikusanyika kwa Waitara. Nesi Kokushubira aliandika majina ya watakaoenda Tarime. Nyangwine alikuwa anawapanga watu kama mwenyekiti.

"Andika huyu. Na huyu, miaka sitini na mbili. Andika na Daudi, asikimbie."

"Na wewe mzee?" nesi aliuliza.

"Mimi mzima kama fahali. Nafasi yangu mpe mwingine."

Kwenye benchi alikaa Marwa. Yeye na Nyangwine ni saro moja, yaani walitahiriwa mwaka mmoja, na watu wa saro moja hawafichani wala hawaoneani haya.

"Fahali gani wewe?" Marwa alisema. "Juzi tumetoka mnadani kwa bodaboda. Umemsimamisha dereva mara tatu. Kijana wa watu akaniuliza, huyu mzee anaweka alama njiani kama mbwa?"

Kicheko kililipuka. Nyangwine alisimama.

"Mimi ni mwanaume! Nilisimama mbele ya kisu sikupepesa jicho. Hili nitalivumilia."

Marwa aliacha kucheka.

"Kaka yangu alisema hivyo hivyo. Unakumbuka? Alivumilia miaka miwili. Tulipompeleka, daktari akasema ni kansa, imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Tulimzika. Saro, mimi sitaki kukuzika."

Nesi alisogea karibu.

"Mzee, tezi dume kila mwanaume anayo. Ni ndogo kama ndimu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Umri ukienda, inaweza kuvimba. Ikivimba inabana njia, kama mpira wa maji uliokanyagwa na ng'ombe. Mara nyingi si kansa, na dawa ipo. Lakini wakati mwingine ni kansa, na kansa ikianza inaweza isiume kabisa. Kwa macho hatujui. Tunajua kwa kupima."

"Wanapima kwa kidole," Nyangwine alisema kwa sauti ya chini.

"Wanaanza na damu ya mkononi. Daktari akiona haja, anatumia kidole pia. Ni dakika moja."

"Mimi nimepimwa," Marwa alisema. "Bado ni mwanaume. Muulize mke wangu."

Nyangwine alitazama karatasi ya majina.

"Niandike," alisema.

Jumatatu walikwenda Tarime wanane. Daktari Lusekelo alimpima Nyangwine damu, akampima na kwa kidole. Majibu yalipotoka, alimwita peke yake.

"Imevimba, mzee. Dalili ya kansa sijaona. Utakunywa dawa hii kila siku, usiache ukipata nafuu. Baada ya miezi mitatu urudi."

Jioni hiyo Nyangwine alimweleza Boke kila kitu. Boke alisikiliza, kisha akasema, "Mimi nilidhani una mwanamke Nyangoto."

Wiki ya nne ya dawa walipanda gari kwenda Mugumu. Nyangwine aliketi mbele ya wakwe tangu saa nne mpaka chakula kikaondolewa. Aliinuka mara moja tu, kama watu wengine. Mokami alimletea mtoto, akamweka mapajani mwake. Mtoto alishika masharubu kwa mikono miwili.

"Mkwe," baba wa mume wa Mokami alisema, "samahani kwa kukuuliza. Siku ya mahari ulikuwa na uso mtupu. Haya masharubu ni ya nini?"

Zamani Nyangwine asingelijibu hilo mbele ya mkwe. Siku hiyo alijibu. Alieleza kopo, damu, kidole na dawa. Hakuruka kitu.

Mkwe aligeuka kuangalia kama wanawake wako mbali.

"Hiyo hospitali yenu," aliuliza taratibu, "inapokea na watu wa huku Serengeti?"

"Hata hapa kwenu ipo, mkwe," Nyangwine alisema. "Kesho asubuhi twende wote."