Filamu ya Kwanza kwenye Orodha ya Novatus

Haya yalimpata Adelfina, jirani yangu hapa Kirushya, naye alinieleza tukichambua maharage.

Novatus, mwenye banda la video, alikuwa ameandika orodha ya filamu kumi za kutisha kuliko zote na kuificha. Atakayekisia zote kwa mpangilio wake atapewa taa ya sola. Adelfina aliitaka sana taa hiyo, maana moshi wa kibatari unamkohoza mtoto wake. Wiki tano mfululizo alipata tisa, akakosa ya kwanza.

"Umekosa tena, shemeji," Novatus alimcheka. "Hiyo bado hujaiona."

"Filamu gani nisiyoiona? Unanizungusha tu!"

Jumamosi mchana alirudi bandani kuchukua simu aliyoiacha ichajiwe, mtoto akiwa mgongoni. Umeme ulikuwa umekatika, na Novatus hakuwepo. Adelfina aliingia akinung'unika. Mapazia mazito yalileta giza, akawa anapapasa mezani.

Mara spika zikakoroma. Televisheni ilikuwa imezimika, lakini sauti ya yule mtafsiri anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili pale bandani ilianza kusimulia, taratibu kama kawaida yake:

"Na hii ndiyo ya kwanza, watazamaji. Mama huyu amefuata simu yake. Amekasirika, hasikii kitu. Mtoto aliye mgongoni hajalala. Anacheka. Anamchekea nani?"

Adelfina alisimama, akaacha kupapasa. Ndipo akamsikia mtoto akicheka, na kitenge alichombebea kikivutwa polepole kutoka nyuma.