Dira Iliyozidi

Simu ililia nyuma ya majora ya khaki.

Avelina aliacha kukanyaga cherehani. Wateja wake wa Temeke walimjua kama mshonaji wa sare za shule na magauni ya kipaimara. Simu ile hawakuijua. Alisimama, akafunga mlango wa duka, akamtazama Ansbert.

"Yako hiyo, kaka."

Ansbert aliinua mkono wa simu.

"Fundi," sauti ya mkuu wake wa kazi za siri ilisema.

"Nakusikia, Mzee."

"Bibi harusi anatoka leo alasiri. Kimbiji kuna mtu anataka kumpigia mluzi. Mzibe mdomo."

"Nikiwa na nani?"

"Peke yako."

"Silaha?"

"Hakuna. Wanapekua kila anayefika. Mpishi wa nyumba ile ni mtu wetu, anaitwa Somoe. Ameiharibu cherehani ya bwana wake kusudi. Unangojewa."

Simu ikakatika.

Ulikuwa mwaka 1942, masika yamepamba moto. Vita vya wazungu vilikuwa vimeifikia Bahari ya Hindi, na meli zilikuwa zikizama. "Bibi harusi" ilikuwa meli iliyojaa askari wa Tanganyika. Ingetoka bandarini Kurasini ikielekea kusini, na ingepita mbele ya Kimbiji kabla giza halijaingia. Huko Kimbiji aliishi mzungu aliyejiita Bwana Lenz, mkusanyaji wa makombe ya baharini. Somoe ndiye aliyegundua kwamba chumba cha makombe kilikuwa na mtambo wa redio. Lenz angeiona meli, angepeleka ishara, na nyambizi iliyokuwa ikivizia kusini ingefanya kazi yake.

Polisi wasingeweza kumvamia. Kutoka barazani kwake aliona bahari yote na njia yote. Angeona helmeti moja tu, angegonga ishara yake kabla hawajafika langoni.

Lakini fundi wa cherehani, nani anamwogopa?

Ansbert aliwahi kuwa mpiga ishara wa jeshi kule Uhabeshi. Kazini alisifiwa kwa utulivu wake. Sifa hiyo haikuwa ya kweli. Alikuwa mwoga tangu utotoni kwao Karagwe. Aliogopa giza, aliogopa maji, aliogopa mahali finyu. Alichojua ni kuuficha tu woga wake.

Avelina alitandika kanga juu ya meza ya kukatia nguo, akaanza kupanga vitu.

"Bastola ya Webley?" Ansbert aliuliza, akijua jibu.

"Itakuua kabla hujaitoa. Weka."

"Tochi ya Eveready?"

"Kubwa mno. Halafu fundi wa mchana anamulika nini? Weka. Sikiliza, kaka. Kila utakachobeba niambie kinafanya kazi gani mbili. Kikifanya moja tu, kinabaki hapa. Na mtu akikuuliza cha nini, uwe na jibu la kifundi."

Wakachagua. Bisibisi fupi, koleo ndogo, kopo la mafuta la Singer, sindano. Hivyo vilikuwa vya kuonekana, vikatiwa katika kopo la bati la sigara. Kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, kidogo kama kidole.

"Vyote hivyo watakunyang'anya," Avelina alisema. "Sasa tuchague vya kukubakia."

Akaufumua mkanda wa ngozi wa Ansbert, akapenyeza ndani kipande cha msumeno wa kukatia chuma, akaushona tena. Mshipi mweusi wa kuvulia samaki akauzungusha ndani ya ukingo wa kofia yake, akaufunika kwa bitana. Njiti za kiberiti alizichovya katika nta ya mshumaa zisilowe, akazishona katika pindo la suruali.

"Usiweke vyote mahali pamoja. Wakichukua kofia, una mkanda. Wakichukua mkanda, una suruali."

"Wakichukua suruali?"

"Hapo utakimbia uchi, na watu watakupisha."

Avelina alicheka. Ansbert alijaribu, hakuweza. Macho yake yalikuwa juu ya dira ndogo ya shaba, iliyolingana na kifungo cha koti.

"Hiyo acha," Avelina alisema. "Njia unaijua. Bahari iko upande mmoja tu."

"Nikipotea porini?"

"Acha, kaka Ansbert."

Alipogeuka kukata uzi, Ansbert aliichukua. Akaitumbukiza ndani ya lile kopo la sigara, chini ya sindano. Hakujua kwa nini. Alihisi tu kwamba bila kile kitu cha ziada, miguu yake isingetoka nje ya mlango.

*

Lori la mbata lilimshusha mbali na Kimbiji, njia ilipokwisha kuwa tope tupu. Alimalizia kwa miguu, mvua ikimpiga usoni.

Nyumba ya Lenz ilisimama peke yake juu ya mwamba wa matumbawe. Kuta nyeupe. Paa la bati. Waya ulipita juu baina ya minazi miwili, mataulo mawili yakining'inia. Ajabu. Nani anaanika taulo kwenye mvua? Na nani anaanika juu kiasi hicho?

Kutoka kwenye ule waya, mwingine mweusi ulishuka nyuma ya shina la mnazi, ukaingia dirishani.

Ilikuwa antena ya redio.

"Simama hapo hapo!"

Kijana mmoja mnene alitokea na bunduki ya risasi za marisau. Huyu alikuwa Nassibu, mlinzi. Alimpapasa Ansbert kuanzia kwapani hadi vifundoni. Akalifungua kopo la sigara, akatazama juu juu, akalifunga.

Somoe alitoka jikoni akipangusa mikono. Mwanamke wa makamo, mwenyeji wa pwani, uso umekauka kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Umechelewa! Bwana anataka mifuko yake ishonwe." Alimkaribia, akashusha sauti. "Mume wangu Kondo yumo melini. Anachochea makaa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi usitetemeke hivyo."

Cherehani ilikuwa sebuleni. Ansbert aliifungua, akaona Somoe alivyofanya: sindano imevunjwa na kipande kimesukumizwa ndani ya meno yanayovuta kitambaa. Alikitoa kwa koleo. Chumba cha makombe kilikuwa hatua chache kutoka pale, mlango umefungwa.

"Kazi nzuri."

Lenz alikuwa amesimama nyuma yake. Mwembamba, nywele nyeupe, darubini kifuani. Alikisema Kiswahili kama mtu wa Tanga.

"Asante, Bwana."

"Mafundi wa siku hizi hawana vifaa. Wewe unavyo." Alilichukua kopo la sigara, akalimimina mezani. Bisibisi. Sindano. Kopo la mafuta. Kisha kitu kidogo cha shaba kikabingirika, kikasimama mbele ya mkono wake.

Dira.

Lenz aliiokota. Sindano yake ilitikisika, ikatulia.

"Fundi wa cherehani," alisema polepole, "anatafuta kaskazini ya nini?"

Jibu la kifundi halikuwapo.

Bastola ya Luger ilikuwa imekwisha kutoka.

*

Walimtia ndani ya birika la mawe la kuhifadhia maji ya mvua, uani, chini ya ule mnazi wenye waya. Lilikuwa jembamba na refu kama kaburi lililosimamishwa. Nassibu aliivuta ngazi juu.

"Bwana, nimpige risasi?"

"Mlio utasikika kijijini. Mwache. Mvua itatusaidia."

Mfuniko wa mbao ukaanguka. Kufuli ikabana.

Giza.

Maji yalimfikia kifuani. Kutoka kwenye bati la paa, mlizamu wa maji ya mvua ulimwaga mengine juu ya kichwa chake bila kukoma. Maji, giza na mahali finyu, vyote vitatu kwa pamoja. Ansbert alipiga kelele. Mvua ikaimeza sauti yake. Alikwaruza ukuta kwa kucha, akanywa maji, akalia kama mtoto, akamwita mama yake aliyekuwa amekwisha kufa.

Maji yakafika mabegani.

Kilichomrudisha ni baridi ya mkanda tumboni. Walichukua kofia? La, ilikuwa bado kichwani, imelowa. Walichukua kopo la sigara na kisu. Mkanda walimwachia.

Aliung'ata mshono kwa meno. Uzi wa Avelina ulikuwa mgumu, akamlaani, kisha akamwombea Mungu ambariki. Msumeno ukatoka.

Birika lilikuwa jembamba. Aliubana mgongo ukutani, akakanyaga ukuta wa pili kwa nyayo, akaanza kupanda. Jiwe lilimchuna ngozi. Aliteleza, akazama, maji yakamwingia puani. Akapanda tena. Katika mwanya wa mfuniko uliingia mwanga mwembamba, na humo alikiona kipande cha chuma kilichoshika kufuli. Kilipigiliwa kwenye ubao uliooza nusu.

Alikata ubao, si chuma.

Mapaja yalitetemeka. Vidole vikafa ganzi. Kila alipokata alisikia sauti ya msumeno kama baragumu, akangoja uso wa Nassibu utokee. Haukutokea. Maji yalikuwa yakizidi kupanda chini yake ubao ulipoachia.

Aliusukuma mfuniko kwa kichwa. Mvua. Hewa. Alilala kifudifudi kwenye tope, akataka kukimbia. Njia ilikuwa pale. Mlinzi hakuwapo. Angeweza kuwa mbali kabla hawajajua.

Kisha akaona moshi baharini.

Meli ilikuwa inakuja. Kubwa, ya kijivu, polepole. Sitaha yake imejaa watu wadogo wadogo.

Ansbert alitambaa hadi kwenye shina la mnazi. Waya mweusi ulipita pale, kimo cha kichwa. Angeukata tu, Lenz angeuona unaning'inia, angeuunga mara moja. Ilimlazimu aukate na bado uonekane mzima. Aliukata kwa msumeno, upande wa nyuma ya shina. Akachana bitana ya kofia, akatoa mshipi mweusi, akazifunga ncha mbili bila kuzikutanisha. Ukiutazama kwa mbali, waya ule ule. Lakini ishara isingevuka pale.

Vidole vilikataa kukaza fundo. Akakaza kwa meno.

Ndani ya nyumba, kidude cha kugongea kikaanza: ti-ti-ta. Ti-ta. Ansbert aliijua lugha ile. Lenz alikuwa anaita. Aliita tena. Kisha akanyamaza.

Mita yake ilikuwa imemwambia kwamba umeme hautoki.

Mlango uligonga ukuta. Lenz alitoka kichwa wazi, bastola mkononi, akaufuata waya kwa macho kutoka dirishani. Ansbert alijitupa nyuma ya ukuta mfupi wa birika. Hatua zilikuja. Zikasimama upande wa pili wa mnazi, karibu sana, hata akamsikia anavyopumua.

"Mshipi wa samaki," Lenz alisema, kama anayejisemea mwenyewe. Akacheka kidogo.

Kulifungua fundo lile kulihitaji mikono miwili. Lenz aliitia bastola mfukoni.

Miguu ya Ansbert ilikataa. Aliiamuru, ikakataa. Aliona vidole vyeupe vikifungua fundo la kwanza, vikienda kwenye la pili. Nyuma ya mvua honi ya meli ililia mara moja, nzito, na ndipo akajikuta amesimama. Aliunyanyua mfuniko kwa mikono yote miwili, akamkimbilia nao kama mtu anayesukuma mlango uliokwama.

Ubao ulimpiga Lenz begani. Alipepesuka, akajishika kwenye ukingo wa birika, mkono mmoja ukienda mfukoni. Ansbert akasukuma tena.

Maji yaliruka juu.

"Nassibu!" sauti ililia kutoka chini. "Nassibu, piga!"

Nassibu alikuwa amekwisha fika, bunduki begani. Mtutu ulimtazama Ansbert kifuani. Baina yao akaingia Somoe, mikono mitupu, kanga imemganda mwilini.

"Ile meli unaiona?" aliuliza. "Kondo yumo mle. Kondo aliyekutoa mkondoni ulipokuwa unakufa maji. Huyu mzungu wako anataka kumzamisha. Sasa piga, mwanangu. Anza na mimi."

"Nilijua anakusanya makombe, mama Somoe."

"Sasa umejua."

Mtutu uliteremka. Nassibu aliiweka bunduki chini kama kitu kinachounguza, akarudi nyuma, akaketi kwenye tope.

Ansbert aliokota bunduki, akainama juu ya birika. "Bastola yako, Bwana. Ikamate kwa mtutu, uinyooshe juu. Kisha nitateremsha ngazi. Maji bado yanaingia."

Mlizamu ukamwaga. Mwishowe Luger ikatokea, mpini mbele.

*

Meli ilipita. Ansbert na Somoe walisimama barazani, Lenz akiwa chini ya ulinzi wao, wakaitazama mpaka ikabaki moshi, na moshi ukaisha, na upande wa kusini hakukusikika mlio wowote ila mvua. Hapo ndipo Somoe alipoketi chini, akajifunika uso kwa kanga.

Motaboti ya polisi ilifika baadaye. Inspekta alimtia Lenz pingu, akaitazama redio, akautazama ukuta wa birika uliopakwa damu ya mgongo wa mtu.

"Kazi safi," alisema. "Panda, tukurudishe mjini. Ni mwendo mfupi tu kwa maji."

Ansbert alivaa kofia yake iliyochanika bitana. Mikono aliitia mifukoni.

"Asante, Afande," alisema. "Nitatembea."

"Mpaka Temeke? Na mvua hii?"

"Mvua hainisumbui." Alimwinamia Somoe kumuaga, akashika njia ya tope, hakuharakisha, akipiga mluzi taratibu mpaka minazi ikamficha.

Huko, walipokuwa hawamwoni tena, aliketi juu ya gogo, akatetemeka mpaka akatosheka. Kisha akainuka, akaendelea na safari.