Kadi Iliyopimwa kwa Futi

Majirani zangu, kisa hiki mnakijua nusu. Mnaijua ile nusu inayosimuliwa kwa kucheka, kwamba fundi cherehani wa mtaa wetu aliacha kushona akahamia kwenye gemu. Nusu iliyobaki ninayo mimi, mtengeneza kompyuta wa pale kona, na imenikaa kooni muda mrefu, kwa sababu nami nimo. Leo naitema.

Fundi huyo tunamwita Sentimita, maana hakubali nguo ipungue hata moja. Mkewe alikuwa anakaribia kumaliza mwaka wa pili katika mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumapili saa kumi jioni Sentimita alifunga duka, akachemsha chai, akaketi mbele ya kompyuta kuukuu aliyoachiwa na ofisi moja iliyovunjwa. Mkewe naye huko aliko alifungua yake. Wakakutana kwa saa mbili ndani ya gemu la kujenga kijiji, ambamo walikuwa wanajenga nyumba yao polepole, tofali kwa tofali.

Nilizoea kupita pale kunywa chai, na sauti ya mkewe, shemeji yangu, ilijaza chumba utadhani yuko jikoni.

"Fundi, dirisha la jikoni liangalie mashariki."

"Mashariki kuna zizi la jirani, mke wangu. Unataka kupika huku unanusa ng'ombe?"

"Ng'ombe wa kwenye gemu hawanuki."

"Wewe subiri. Na mambo ya siku hizi haya, watanuka tu."

Nyumba ya kweli ilikuwa na vyumba viwili na kitanda kilichotandikwa upande mmoja. Lakini kwa saa mbili zile Sentimita alikuwa mtu aliyeoa.

Kisha waliotengeneza gemu wakaliboresha. Nyasi zikaanza kuyumba, maji yakang'aa, na kompyuta ya Sentimita ikashindwa. Picha zilikatakata. Mtu wake wa kwenye gemu aliinua mguu, akabaki hivyo hivyo mguu juu, halafu akaibukia ukutani. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa.

"Fundi, unatembea kama mtu mwenye ganzi."

Jumapili hiyo hiyo mfanyakazi mwenzake shemeji, mwanamume mwenye mashine mpya, aliingia kijijini kuwasaidia akapandisha upande mmoja wa paa kwa dakika chache.  Mimi nilimwona Sentimita alivyokikaba kikombe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwezi ule shemeji alikuwa na likizo ya wiki moja, na ilikuwa imepangwa kwamba mumewe ndiye atakayekwenda. Alimwambia, "Njoo, nina jambo la kukuuliza, na sitaki kuliuliza kwenye spika." Jambo lenyewe tulilijua baadaye: mkataba wake ulikuwa unaisha, naye alitaka kumsikia mumewe, uso kwa uso, akimwambia arudi nyumbani au abaki. Nauli ilikuwa tayari, kwenye bahasha iliyochomekwa nyuma ya kile kioo ambacho wateja hujaribia nguo.

Sentimita alikuja dukani kwangu na bahasha ile.

Nilikuwa na kadi ya picha, ile inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Kubwa, ina feni mbili na taa za bluu. Ilikuwa imekaa rafuni miezi minane ikila vumbi. Akaitazama, akavuta futi yake shingoni, akaipima urefu, upana na kimo. Kumbe boksi la kompyuta yake alikuwa ameshalipima nyumbani, na vipimo ameviandika kwa chaki kiganjani.

"Inaingia," akasema, "na nafasi ya upindo inabaki."

Mimi kompyuta ile nilikuwa nimeifungua mara tatu. Nilijua kinachoikwamisha ni prosesa yake, ule ubongo unaopiga hesabu zote, ambayo kwa uzee wake mnaweza kuiamkia shikamoo.

"Kuingia itaingia, ila..."

"Ila nini?"

Nikaangalia rafu. "Ila uishike kwa uangalifu, haipendi kudondoshwa."

Hilo ndilo langu, ndugu zangu. Neno moja nililimeza, nikapokea bahasha.

Jioni ile alimpigia mkewe akamwambia sare za shule zimemwelemea, hatapata nafasi, atakwenda mwezi unaofuata.  Kisha shemeji akasema, "Sawa, Fundi. Kazi ni kazi."

Kadi iliingia kama suti. Taa ziliwaka, feni zikazunguka, na Sentimita aliniita nikashuhudie. Akafungua gemu. Nyasi zilikuwa nzuri ajabu, kila jani na kivuli chake. Akapiga hatua mbili, mtu wake akaganda mguu juu.

Akazima, akawasha. Akaganda tena.

"Mbovu hii," akasema.

"Si mbovu. Sikiliza, Fundi. Kadi ni mshonaji, prosesa ni mkataji. Umeajiri mshonaji hodari, lakini mkataji wako ni mzee, anakata shati moja kwa siku. Huyu mshonaji afanye nini? Anakaa na sindano mkononi anasubiri."

Alitazama boksi, akanitazama mimi. "Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

Nikamwambia airudishe, achukue bahasha yake, apande basi la kesho. Likizo ilikuwa inaanza Jumatatu, siku bado zingetosha. Akatikisa kichwa. "Nimeshamwambia nina kazi. Nikitokea mlangoni atajua nilimdanganya." Basi uongo mdogo ukamfungia ndani kama kufuli, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Badala ya kwenda, akaanza kuitengeneza. Wiki ya likizo ikapita boksi limelala wazi juu ya meza ya kukatia, nguo za wateja zimesukumwa pembeni. Alipuliza vumbi, akapunguza ubora wa picha, akaazima memori, akairudisha. Jumapili mbili mfululizo hakuingia kijijini. Kwenye simu aliandika kwamba amebanwa. Mkewe aliandika neno moja, "Upo?", na Sentimita akaigeuza simu kifudifudi.

"Mjibu, bwana," nilimwambia.

"Nikiwa tayari. Hatanicheka tena kwa kuganda."

Alikuwa na hamu kubwa ya mkewe, na bado alikuwa anajinyima saa mbili pekee alizokuwa nazo. Nimeona ukaidi wa kila namna katika kazi yangu, lakini huo sikuwahi kuuona.

Jumapili ya tatu tulizima kivuli, tukazima maji, tukazima kila urembo mpaka kijiji kikabaki kama mchoro wa mtoto wa chekechea. Mtu wake akatembea. Wala si vizuri, lakini akatembea. Nilikuwa bado nimepiga magoti nyuma ya meza nikifunga skrubu, naye akaingia kwenye nyumba yao. Mkewe alikuwa barazani.

"Umekuja," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya.

"Nimekuja. Tazama, sigandi."

"Fundi, nimesaini."

"Umesaini nini?"

"Miaka mingine miwili. Nilitaka kukuuliza ana kwa ana nirudi au nibaki. Likizo yote nimekaa chumbani. Kila mtu akigonga kwa jirani nasimama, nasema labda kazi zimepungua, labda amekuja kunishtukiza. Halafu nikajiambia, mwanamume mwenye kazi nyingi kiasi hicho hanihitaji nyumbani."

 Sentimita akasema ukweli, na namsifu kwa hilo, ingawa ulichelewa. "Sikuwa na kazi. Nauli nilinunulia kadi ya kompyuta."

"Ya nini?"

"Nisigande. Ulinicheka."

Tukasikia kiti kikikwaruza sakafu huko aliko.

"Nilicheka kwa sababu nilikuwa na furaha," shemeji akasema. "Siku nzima nasafisha wazee wa watu, nakuja huku kukusikia unanibishia dirisha. Ungeganda saa zote mbili, mimi ningekaa hapo hapo na sauti yako. Ungeniambia tu, rudi. Neno moja, Fundi."

"Rudi."

"Nimeshasaini, mume wangu."

Nikaacha bisibisi sakafuni, nikatoka bila kuaga.

MAFUNZO

Wenzangu, mtu wako akicheka, muulize anacheka nini kabla hujaenda dukani. Sentimita alipima kila kitu isipokuwa kile alichokuwa anahitaji mkewe, na hicho angekijua kwa kumwuliza.

Wala usidanganye kwa kuona aibu ya umaskini wa kitu chako. Aibu ya kompyuta kuukuu ingeisha kwa kicheko cha Jumapili moja, lakini uongo uliokuja kuificha umekula miaka miwili ya nyumba ya watu.

Nanyi wauzaji wenzangu, mteja akikuuliza "ila nini?", mjibu. Kadi ile nimeichukua nikarudisha bahasha ilivyokuwa, na Sentimita amekwishakwenda na kurudi mara moja. Alikaa naye siku tatu tu. Bado kuna jioni nyingi sana ambazo anakula peke yake, na kila nikipita mlangoni pake najua kwamba baadhi ya jioni hizo niliziuza mimi.

Kama kuna mtu amekwambia "njoo", nenda na ulichonacho, leo, kabla hajaacha kukungoja.