Maneno Yaliyotupwa ya Kipande cha Kumi na Mbili

Harufu ya samli ilianza Jumatatu, saa nne asubuhi, katika chumba cha kompyuta ambamo hata kikombe cha chai kilikuwa marufuku. Fabiola alinusa, akachungulia chini ya meza, hakuona kitu. Hakuwa na muda wa samli. Programu yake ilikuwa imemgomea.

Na programu yenyewe haikuwa na makuu. Kila siku madereva wa shamba la ngano la serikali, huku uwanda wa Hanang, walituma taarifa kwa redio koli. Letisia, mpokeaji wa redio, aliziandika kwenye karatasi, kisha akazichapa kwenye kompyuta kama zilivyo: HERMANI KIPANDE 12 EKA 40 PLAU IMEPINDA. Programu ilitafuta neno EKA, ikachukua tarakimu zilizofuata mpaka zilipoishia, na yaliyobaki ikayatupa. Kesho yake mashine ilichapa karatasi ya kazi, kila dereva akajua aendelee wapi. Mwaka ule wa 1987 hakuna mwingine pale aliyeweza kufanya hivyo, na Fabiola alijivuna, tusifiche.

Sasa mahali pa eka za kipande cha 12 palitokea neno: NISIMAME.

"Pumbavu," Fabiola aliiambia mashine. Alihesabu herufi upya. Aliiamuru ikubali tarakimu tu. Akaiendesha tena. NISIMAME.

Meneja, Bwana Felician, alichungulia mlangoni. "Matrekta yananisubiri, mama. Kuna nini?"

"Inatoa maneno, bwana."

"Basi iambie itoe namba!"

Fabiola alitamani kumrushia kiti. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mume wake, Hermani, dereva wa kipande hichohicho, alikuwa na wiki ya tatu hajasema neno la maana. Ukimuuliza kama amekula, anajibu, "Kumi na nane." Ukimuuliza anaumwa wapi, anajibu, "Mia na tano," huku machozi yakimtoka. Madaktari wa Haydom walimtazama koo, wakasema ni zima.

Alifuta programu nzima akaiandika upya. Alipobonyeza, ukuta wa nyuma yake ulitoa mlio wa kengele ya ng'ombe, taratibu, kama mnyama anayetembea akila, na harufu ya samli ikapanda mpaka ikamkaba koo, na kwenye kioo maneno yakaanza kujipanga bila yeye kugusa kitu, moja baada ya jingine, yakishuka mstari hadi mstari, NISIMAME AU NIENDELEE HAPA PANA KABURI LA MZEE, hadi kioo kikajaa na kengele ikawa inalia chini ya kiti chake.

Aliyanakili haraka, akakimbilia chumba cha redio.

"Letisia, haya ni maneno ya nani?"

Letisia aliyasoma, akashusha sauti. "Ya mume wako. Mwezi uliopita. Niliyachapa yote, dada. Si ulisema mashine inachukua inachohitaji?"

Fabiola alikaa sakafuni. Mashine ilikuwa imechukua eka arobaini, na karatasi ya kesho yake ikasema: endelea. Hermani akaendelea, akalima juu ya kaburi.

Mchana uleule, kwa maelekezo ya Letisia, alimchukua mumewe, pamoja na karatasi ya ujumbe ule, hadi upande wa Gehandu kwa Gidahosh, mtoto wa mzee aliyezikwa pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuwakaribisha kukaa. "Baba yangu tulimjengea kilima cha kaburi kwa miezi tisa. Ukoo wote ulileta samli na pombe ya asali. Trekta ilimaliza kabla ya chakula cha mchana."

"Hermani aliuliza, mzee. Mimi ndiye niliyetupa swali lake."

"Basi lirudishe pale pale. Lote. Baba hapendi kukatiwa maneno. Ukilipunguza, atakachokosa atakidai kwako."

Kipande cha 12 kilikuwa kitupu, udongo mweusi mpaka macho yanapoishia. Gidahosh aliwasimamisha mahali ambapo wao hawakuona tofauti yoyote, akaweka majani mabichi chini. Fabiola alikunjua karatasi. Alisoma huku sauti ikimkatika, na kila neno alilolitoa kengele ilijibu kutoka chini ya udongo, karibu zaidi, na upepo ukakata, na harufu ya samli ikapanda kutoka kwenye matuta, na miguu yake ikahisi ardhi ikitetemeka kama kundi zima linapita chini yake, naye akaendelea mpaka neno la mwisho.

Kengele ikakoma.

"Fabiola," alisema Hermani.

Alimkumbatia, akalia waziwazi mbele ya mzee, bila aibu. Gidahosh hakutabasamu.

"Kijana, hayo ndiyo yote uliyosema?"

Hermani alitikisa kichwa. "Kuna neno moja Letisia hakuliandika. Redio ilikuwa inakoroma." Alimgeukia mkewe. "Nilisema, mke wangu yuko ofisini, mwulizeni yeye, atajua la kufanya. Nilizima trekta nikakungoja mpaka jioni. Mbona hukunijibu?"

Fabiola alifungua kinywa amwambie kwamba hakujua, kwamba asingekubali kamwe, kwamba amsamehe.

"Sifuri," alisema.