Injini Iliyotawanywa

Kabureta haikuwa ya gari lile. Fundi aliliona hilo mara tu alipofungua boneti, akadhani tatizo ni hilo tu. Mchana ulipofika alikuwa ameshajua kwamba pampu ya petroli nayo ilitoka kwenye gari la aina nyingine, na kwamba namba iliyogongwa kwenye bloku haikuwa ile ya kwenye kibati cha chesisi. Gari la marehemu baba yake lilikuwa na injini ya kuokoteza.

Kubadilisha kifaa kibovu ni jambo la kawaida. Lakini aliyefanya kazi hii alikuwa hodari. Boliti zilikazwa sawasawa, gasketi zilikatwa kwa mkono bila kosa. Mtu mwenye mkono kama huo angewezaje kutoa vifaa vizuri na kuweka hafifu?

"Nani alimfanyia baba hivi?" aliuliza.

Mama yake alikuwa akianika nguo uani, nyuma ya gereji. Hakugeuka. "Si lilikuwa linatembea?"

"Kama mgonjwa, Mama. Hii siyo injini, ni kituo cha mayatima."

"Basi liache na mayatima wake."

Aliyetaka gari lifufuliwe ni dada yake, ambaye nyumbani walimwita Bosi tangu akiwa na meno ya utoto. Alifanya kazi ya ofisi katika mji mwingine, na alitaka gari la baba liwe kama siku lilipotoka kiwandani. "Usinibandikie vya kuchonga," alimwambia kwa simu. "Kila kifaa na namba yake. Ukishindwa sema, mafundi wako wengi."

Fundi hakupenda kuambiwa hivyo. Akaanza kuulizia.

Alianza kwa dereva mstaafu aliyesafiri na baba yake. Mzee hakuuliza anatafuta nini. Aliingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa gunia, akakiweka chini kizingitini badala ya kumpa mkononi.

"Umekitaka mwenyewe," alisema. "Mimi sikukupa."

"Mzee wangu, mbona unanitisha? Ni kabureta tu."

Mlango ulifungwa kabla hajamaliza.

Muhuri wa kiwanda ulikuwa wenyewe. Fundi aliisafisha, akaifunga, akaenda kuoga. Jioni ile mkewe alivua shuka kitandani, akamsogezea puani. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, waliyoingoja mpaka majirani wakachoka kuuliza.

"Nusa. Petroli. Umeoga kweli wewe?"

"Mara mbili."

"Basi anayenuka nani humu?"

Walicheka. Asubuhi maji ya mtungini yalikuwa na harufu ileile, na mkewe hakucheka tena.

Pampu aliipata kwa mchomelea vyuma, rafiki mwingine wa baba yake. Naye aliitoa bila swali. Siku ilipofungwa mahali pake, fundi aliinama kutafuta spana na akasikia kitu chini ya boneti kikivuta pumzi, kikaishikilia, kikaiachia polepole. Gari halikuwa na betri. Alijiambia ni hewa kwenye mirija. Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, ambamo hakuwahi kukanyaga tangu awe mjane.

"Baba," alimwambia mwanawe, kwa sauti ya chini. "Mimi mama yako nakuomba. Vitoe."

"Niambie kwa nini."

Alifungua mdomo. Kisha akaufunika kwa kiganja, kama anayezuia kutapika.

"Basi tu."

"Basi tu siyo sababu, Mama. Sema kwamba ulimchukia baba. Hata gari lake hutaki liwe zima."

Mama yake akaondoka.

Bloku lilikuwa kwa mtoto wa fundi wa zamani wa baba yake, aliyerithi karakana na hakujua kitu. Alifurahi kupata nafasi. Lilikuwa limepinduliwa juu chini ndani ya pipa la mchanga. Fundi alifuta kutu kwa kidole: namba ya injini na namba ya kibati zilifanana. Kwa siku kadhaa alifanya kazi akipiga mluzi. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya vizuri hivyo.

Alimaliza saa za alasiri, jua likiwa bado uani. Alikuwa anafuta mikono. Betri ilikuwa bado juu ya meza, tangi halina tone, na injini ikajiwasha yenyewe, kwa upole, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea, ikaanza kuunguruma huku spana zikicheza kwenye meza na harufu ya petroli ikitanda mpaka machozi yakamtoka, naye akazima, akang'oa nyaya, akakanyaga breki kama mwendawazimu, na kitu kikaendelea kuunguruma na kupumua, kuunguruma na kupumua, mpaka mkewe akatokea mlangoni akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Anacheza nayo," alinong'ona. "Sikia. Ikienda haraka, anaenda haraka."

Fundi aliweka kiganja. Ilikuwa kweli. Chini ya ngozi mtoto aligonga kwa mdundo wa injini.

Kisha injini ikaanza kupunguza.

"Mbona anapunguza?" mkewe aliuliza. "Mume wangu, mbona mtoto anapunguza?"

Mama yake aliingia mbio, bila viatu. Alimsukuma mkwewe nje kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo, akafunga mlango, akaegemea.

"Lina jini," alisema. Akasema haraka, kama mtu anayejua ana pumzi chache. "Baba yenu alilifuga humu ili lisimwache njiani. Malipo yake ni mtoto. Mdogo wenu hakufa kwa homa. Baba yenu alipokufa, mganga alishindwa kulitoa, akaligawanya, kila mtu na kipande chake. Anayelijua akilitaja, linamchukua yeye. Likishachukua linalala kidogo. Vitoe kabla halijaamka, vitawanye. Na wewe usije uka..."

Injini ilizimika. Mama yake aliteleza taratibu mlangoni mpaka akakaa chini, kinywa wazi, na kinywani mlitoka harufu ya petroli.

Nje mkewe alipiga kelele: "Anacheza! Amerudi, anacheza!"

Fundi alifungua boliti kabla ya kumwita mtu yeyote. Mwili wa mama yake ulikuwa bado na joto alipotoa kabureta.

Baada ya mazishi dada yake aliondoka, akaja tena gari likiwa limerudishiwa mayatima wake, na mtoto wa kiume wa fundi akiwa ameshajifunza kutabasamu. Alifungua boneti. Alikuwa amesoma namba zote.

"Picha ulizonitumia, kila kitu kilikuwa cha asili. Viko wapi?"

"Liache, dada. Nakuomba."

"Viko wapi? Nimeshampata fundi wa kweli, ataviulizia kimoja kimoja. Ila nataka nisikie kwako."

Binti mdogo wa dada yake alikuwa ameingia kwenye gari, amekaa nyuma ya usukani, anauzungusha na kuiga mlio wa injini kwa midomo. Fundi alimtazama. Maneno yalikuwa tayari ulimini, machache kuliko ya mama yake. Ndani ya nyumba mwanawe alilia, akapewa ziwa, akanyamaza.

"Niangalie," dada yake alisema. "Uliviuza?"

"Ndiyo."

"Mama akikuona?"

"Akiniona."

Dada yake alitema mate chini, karibu na viatu vya fundi. Lori la kuvuta alilokuja nalo lilirudi nyuma, mnyororo ukafungwa. Binti alikataa kushuka. Alitaka kusafiri humohumo, na mama yake akamruhusu. Gari lilipotoka getini alichungulia dirishani, akapunga mkono.

Fundi akampungia.