Herufi Mbili za Pandora

Saa tatu asubuhi. Kangle, mjini Guangzhou, China.

Cherehani zilinguruma upande wa pili wa ukuta, na ndiyo maana Nikodemu alikipenda kile chumba cha nyuma. Hata ungetukana kwa sauti, hakuna ambaye angesikia. Alikuwa amechora meli tatu kwa chaki ya fundi nguo, juu ya kitambaa cheusi.

"Triton. Nemesis. Pandora," alisema, akigonga kila moja kwa kidole. "Meli za doria za walinzi wa pwani. Mbili bado tupu. Hii Pandora imeshaletewa kamera za kuonea gizani. Hazijafungwa. Zipo tu kwenye chumba cha nahodha."

"Na majina gani hayo?" aliuliza Njoki, wakala wa mizigo kutoka Nairobi. Kichina chake kilimfungulia milango ambayo wenzake walifungiwa.

"Ya miungu na watu wa hadithi za Wagiriki," alisema Kasmir. "Walioziagiza ni watu wa visiwani huko, ndivyo walivyotaka. Nemesis ndiye wa kulipiza kisasi."

"Basi huyo aachwe alale."

Nikodemu hakucheka. Alimtazama Kasmir. "Herufi?"

"Nimebakiza mbili. R na A."

Kasmir alikuwa fundi wa mabango kutoka Songea. Karakana ya meli kule Huangpu ilimpa kazi ya kuandika majina nyuma ya meli kwa sababu mkono wake ulinyooka. Jana aliacha Pandora bila kuimaliza, makusudi, ili leo awe na sababu ya kurudi.

"Mzigo ukipanda lori, unapata pasipoti yako," Nikodemu alisema, akikipapasa kipochi cha kiunoni ilimokuwa. "Kesho uko kwenye ndege."

Alikuwa ameichukua eti amwongezee muda wa viza. Miezi ikapita. Mwaka ule wa 2009 msako ulikuwa mkali, polisi wakiwasimamisha Waafrika kwenye barabara ya Guangyuan Xilu kama watu wanaochambua mchele. Kasmir alitembea kwa vichochoro tu. Kule Songea mkewe Felisia alikuwa amejifungua mtoto ambaye baba yake hajamshika. Alichoka. Angeiba hata kengele ya kanisa, ilimradi arudi nyumbani.

Saa sita mchana. Huangpu.

Wachina wa karakana wakishakula, hulala. Huo ni utaratibu, si uvivu. Mafundi walijinyoosha juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kofia za kazi usoni. Mlinzi wa geti naye kidevu kilikuwa kifuani. Njoki aliingiza gari dogo la mizigo, la kuokota ndoo tupu za rangi.

Kasmir alipanda Pandora na brashi na ndoo zake mkononi. Mlangoni kwa nahodha alilala mchomeleaji, kauziba mlango wote. Kasmir alimvuka. Akajaza kamera kwenye ndoo mbili. Alipomvuka tena, yule mtu alifumbua macho.

"Laoban," alinong'ona, akimwita bosi kwa utani. "Hulali?"

Kasmir aliinua brashi. Mchomeleaji alitikisa kichwa kwa huruma, akajifunika kofia.

Alirudi mara ya pili, kisha ya tatu. Hakupata muda wa kuandika hata R.

"Twende, wacha kushangaa," Njoki alisema kwenye usukani. "Hao bado wamelala fofofo."

Saa nane mchana. Kangle, ghalani.

Walizificha kamera katikati ya marobota ya jinzi. Kasmir alipokwenda msalani alimsikia Nikodemu nje ya dirisha, kwenye simu, kwa Kichina chake cha kuokoteza: "K. S. M. Songea." Alitamka polepole, kama mtu anayemtajia mwingine cha kuandika. Kasmir alidhani mizigo yake inawekewa nafasi kwenye kontena.

Marobota matatu yalikuwa tayari kwenye lori, yameandikwa NKD MOSHI. Kila mfanyabiashara Guangzhou ana alama yake ya mzigo, na huiandika mwenyewe. Anayekuandikia alama anaweza kukupotezea kontena zima. Nikodemu hakuwahi kumwachia mtu kalamu.

Sasa alimpa Kasmir.

"La nne liandike wewe. Weka alama yako, KSM SONGEA. Ni zawadi yako."

Kasmir alilisogeza robota kwa goti. Likasogea kirahisi mno. Ndani ilikuwamo kamera moja, basi. Kamera moja kwa polisi, pamoja na mtu mmoja wa kufungwa, na yale mengine yaende zake. Ile simu ikamrudia masikioni, herufi kwa herufi. Alisikia hasira mpaka kwenye meno.

"Asante, kaka," alisema.

Nikodemu alitoka kuhesabu kamba za lori. Kasmir aliinama. Fundi wa mabango huiga mkono wa yeyote. Aliiandika N iliyolala na D yenye tumbo, kama Nikodemu mwenyewe. NKD MOSHI. Njoki aliona. Akalitazama robota, akamtazama yeye, kisha akachukua mkoba wake na kutokea mlango wa chumba cha cherehani bila kuaga.

Saa tisa mchana.

Polisi walikuja wanne, karatasi mkononi. Walitafuta alama waliyotajiwa, hawakuiona. Wakalipasua robota lililobaki ghalani. Kamera ikatoka. Mmoja akasoma ubavuni, akainua macho hadi kwenye marobota ya Nikodemu ndani ya lori, akasoma tena: alama ile ile.

"Si mimi!" Nikodemu alipiga kelele. "Ni huyu! Kasmir, waambie!"

Walimfunga pingu Nikodemu, wakamvua mkanda, wakakitupa kipochi kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi. Ndipo Kasmir alipokumbuka kilichomo.

Alipiga hatua moja. Mlango wa gari la polisi ukafungwa.

Askari aliyebaki alimgeukia, kiganja wazi. "Huzhao."

Pasipoti. Gari lilishakata kona.

"Huzhao," askari alirudia.

Kasmir alinyoosha mikono yake mitupu, rangi nyeupe bado imemganda kwenye kucha.